Wimbo wa Jadotville Mbele ya Darasa: Mwanzo na Matatizo ya Uchambuzi wa Ushairi wa Kiswahili Katika Katanga

1. Utangulizi

Mwanafunzi aliyekulia Kamatanda, mtaa mmojawapo wa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, hukua katika Kiswahili. Ndicho anachokisikia sokoni, uwanjani, kanisani na katika maongezi ya wachimbaji wa shaba. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitakiwa asimame mbele ya wenzake alichambue shairi neno kwa neno, yaelekea shairi atakalopewa litakuwa la Kifaransa, na utaratibu wa kulichambua utakuwa ule uliotoka katika shule za Ufaransa na Ubelgiji. Akipewa shairi la Kiswahili, atapewa kanuni za vina na mizani zilizokusanywa pwani ya Afrika Mashariki, mbali sana na kwao. Katika hali zote mbili Kiswahili anachokisema yeye hakimo darasani.

Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Hoja inayotetewa ni kwamba Katanga haikukosa matini za kishairi za Kiswahili. Kilichokosekana ni mahali pa kuzisomea. Matini hizo zilikuwa nyimbo, na nyimbo zilihifadhiwa katika sahani za santuri kabla hazijaandikwa katika karatasi. Zilipoanza kuchunguzwa, zilichunguzwa kwanza kama muziki. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuziwasilisha darasani leo hukutana na tatizo ambalo mchambuzi wa utenzi ulioandikwa hakulijua: hana budi kuiandika matini mwenyewe kabla ya kuichambua, na katika kuiandika anaweza kuiharibu.

2. Kiswahili cha kazi na Kiswahili cha shule

Kiswahili kilifika Katanga kabla ya migodi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya biashara ilifika Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mtawala wa Wayeke, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 wakati wa msafara wa Stairs. Hata hivyo, kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha ya miji ni shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na katika vijiji vya Katanga yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilishika siasa ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi za kudumu. Watoto waliozaliwa kambini walikipata Kiswahili kama lugha yao ya kwanza, ingawa wazazi wao wengi walikuwa wamejifunza lugha hiyo kazini.

Johannes Fabian, katika kitabu chake kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni kilichotoka mwaka 1986, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili katika Katanga hakukutokea hivi hivi tu. Kulihusiana na mahitaji ya kampuni, ya serikali na ya misheni. Msimamizi alihitaji lugha ya kuamrisha. Padri alihitaji lugha ya kufundishia dini. Shule za kambini ziliendeshwa na wamisionari Wakatoliki, na Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini. Hapo ndipo tofauti mbili zilipokutana. Kulikuwa na Kiswahili kilichosemwa nyumbani na kazini, na kulikuwa na kile ambacho watu wa Katanga wamezoea kukiita Kiswahili bora, yaani cha vitabu na mahubiri, kilichoelekea zaidi kwenye sarufi ya mashariki.

Ikumbukwe kwamba katika mgawanyo huo Kiswahili, hata kile bora, kilipewa kazi ya kuanzia tu. Mtoto alijifunza kusoma kwa Kiswahili ili baadaye akiache. Fasihi, kwa maana ya matini inayostahili kusomwa polepole na kubishaniwa, ilianza pale Kifaransa kilipoanza. Mwaka 1962, baada ya uhuru, Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na nafasi ya Kiswahili ikazidi kupungua.

3. Mwaka 1952 na mwaka 1954

Matukio mawili yaliyopishana kwa miaka miwili tu yanasaidia kulieleza jambo hili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyefanya kazi Afrika Kusini, alifika Jadotville. Hilo ndilo jina la Likasi wakati wa ukoloni, hadi lilipobadilishwa mwaka 1966. Huko alikutana na kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akazirekodi nyimbo zake, ukiwamo ule ulioitwa "Masanga". Sahani za Mwenda zilienea Kongo, Rhodesia, Uganda, Kenya na kwingineko. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, ambako alitumika kutangaza dawa ya Aspro. Wapiga gitaa wa Afrika Mashariki waliigiza uchezaji wake wa kidole gumba na kidole cha shahada. Kwa njia hiyo maelfu ya wasikilizaji waliokaa mbali na migodi walikisikia Kiswahili cha Katanga kikiwa kimewekwa katika mapigo na mafungu.

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Mwandishi alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mji unaotazamana na Kongo kuvuka Ziwa Tanganyika. Kitabu kiliziweka wazi kanuni zilizokuwa zikirithishwa kwa mdomo miongoni mwa washairi: idadi ya mizani, mpangilio wa vina, mishororo ya ubeti, na kituo. Kwa mwalimu wa shule, manufaa yake yalikuwa makubwa. Alipata istilahi, alipata mifano, na alipata kipimo ambacho mwanafunzi angeweza kukitumia mwenyewe ubaoni.

Basi upande wa mashariki wa ziwa shairi lilipata kitabu cha sheria, na upande wa magharibi wimbo ulipata sahani ya santuri. Kitabu kiliingia darasani. Sahani ilibaki nyumbani, kilabuni na katika kipindi cha redio. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa matini zenyewe. Ilitokana na chombo kilichozibeba.

Fasihi ya pwani nayo haikubaki pale ilipokuwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1970 mjadala mkali ulizuka kuhusu kama utungo usio na vina na mizani unaweza kuitwa shairi. Diwani ya Euphrase Kezilahabi, "Kichomi", iliyotoka mwaka 1974, ilikuwa miongoni mwa chanzo cha mjadala huo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaja kutetea upana wa ushairi katika "Kunga za Ushairi na Diwani Yetu". Mmoja katika hoja za upande huo ulikuwa kwamba nyimbo za makabila ya bara ni ushairi pia, na kwamba kanuni za pwani ni mapokeo mamoja kati ya mengi. Hoja hiyo ingeweza kuwafaa sana walimu wa Katanga. Lakini ilitolewa Dar es Salaam, kwa ajili ya mtaala wa Tanzania, na kati ya Dar es Salaam na Likasi ulikuwapo mpaka wa lugha ya elimu.

4. Kilichochunguzwa na kilichoachwa

Isidhaniwe kwamba nyimbo za Jadotville hazikuchunguzwa na wataalamu. David Rycroft wa London alichapisha mwaka 1961 na 1962 uchunguzi wake wa gitaa la Mwenda katika jarida "African Music", kwa manukuu ya noti yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Gerhard Kubik wa Vienna alimwalika na kumrekodi upya katika miaka ya 1980. Kazi hizi zina thamani isiyopingika, na bila yake mengi yangepotea. Hata hivyo swali lililoziongoza lilikuwa la muziki: vidole vinafanya nini, mapigo yanapishanaje, sauti ya gitaa na ya mwimbaji zinajibizanaje. Maneno yalikuja nyuma.

Kinyume chake kinaonekana katika kazi ya Fabian juu ya matini nyingine ya Katanga, nayo ni historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Matini ile iliandikwa bila kufuata tahajia ya shule. Maneno yaliungana au yalikatika mahali pasipotarajiwa. Fabian na Kalundi Mango waliielewa pale Kalundi alipoisoma kwa sauti na usomaji huo ukarekodiwa. Ndipo mipaka ya sentensi ilipojitokeza. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1990.

Mfano huo si wa ushairi, lakini unamfundisha mwalimu wa ushairi jambo la msingi. Katika Kiswahili cha Katanga sikio ni chombo cha uhakiki. Matini iliyoandikwa hukamilika inaposomwa kwa sauti, na matini iliyoimbwa haitakamilika katika maandishi ikiwa mwandishi hakusikiliza vya kutosha.

5. Kunukuu ni kuchambua

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mwanafunzi anayesikiliza wimbo wa Katanga na kuuandika ubaoni huvutwa na mazoea ya shule kuusahihisha. Akisikia "batoto" huandika "watoto". Akisikia "muke" huandika "mke", ingawa Mwenda ana wimbo ambao jina lake lenyewe ni "Kijana Muke". Akisikia "ku nyumba" huandika "nyumbani". Yeye hudhani amebadilisha tahajia tu. Kwa hakika amebadilisha shairi.

Tuchukue maneno matatu ya kawaida, si ya wimbo wowote. Kiswahili sanifu husema "nyumbani", "shambani", "kazini". Kiswahili cha Katanga husema "ku nyumba", "ku shamba", "ku kazi". Kila neno katika orodha ya kwanza lina mizani mitatu, na kila kifungu katika orodha ya pili kina mizani mitatu vile vile. Anayehesabu mizani tu ataona hakuna kilichopotea. Lakini atazame vina. Orodha ya kwanza yote inaishia kwa "-ni", na mtunzi wa pwani anajua jinsi kiambishi hicho kinavyomrahisishia kazi, kwa kuwa nomino nyingi sana zinaweza kukipokea. Katika orodha ya pili kina hicho hakipo kabisa. Mwisho wa maneno ni "-mba", "-mba", "-zi". Badala yake kuna urari mwanzoni: "ku", "ku", "ku".

Kutokana na jambo hilo dogo la sarufi linazuka swali kubwa la arudhi. Mtunzi wa Katanga hana ile hazina ya kina cha "-ni" ambayo mwenzake wa Lamu au Tanga anayo. Kwa upande mwingine, lugha yake inampa takriri ya mwanzo wa kifungu, kwa "ku", "mu" na "pa", na upatanisho wa "ba-" unaorudi katika nomino, kivumishi na kitenzi. Mwanafunzi anayetafuta vina mwishoni mwa mshororo ataandika katika daftari lake kwamba wimbo hauna ufundi. Anayesikiliza mwanzo wa vifungu anaweza kuukuta ufundi huo mahali alipokuwa hajatazama.

Mfano mwingine ni viambishi vya udogo. Katika Katanga "ka-" na "tu-" hutumika sana, kwa hiyo "katoto" huweza kubeba mapenzi, huruma au dharau kwa kutegemea sauti ya msemaji. Mnukuzi akiandika "mtoto mdogo" ameongeza mizani mitatu na kuziondoa hisia tatu. Vivyo hivyo "njo", linalotumika mahali pa "ndiyo" au "ndio", ni silabi moja ya mkazo inayoweza kubeba uzito wa sentensi nzima. Likiandikwa kwa umbo sanifu, mkazo wake hulegea.

6. Kuuwasilisha wimbo darasani

Kutokana na historia hii, utaratibu wa kuwasilisha utungo wa aina hiyo hauwezi kuwa ule wa Kifaransa wala ule wa pwani peke yake, ingawa unaweza kukopa kwa wote wawili. Utaratibu wa Kifaransa, uliotiliwa nguvu na Gustave Lanson mwanzoni mwa karne ya 20, una fadhila ya kumlazimisha msomaji ashikamane na matini na asirukie maoni. Utaratibu wa pwani una fadhila ya kumpa istilahi za Kiswahili na kumfundisha kwamba umbo lina sheria. Kinachohitajika ni hatua zilizopangwa kwa kufuata tabia ya wimbo.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza bila kuandika, mara mbili au tatu. Katika wimbo wa gitaa ala hutenga mafungu ya maneno. Mahali mwimbaji anaponyamaza na nyuzi zikaendelea ndipo mara nyingi penye mpaka wa ubeti. Mpaka huo hauonekani katika karatasi, na asiyeusikia atagawanya beti kwa kukisia.

Hatua ya pili ni kunukuu kama ilivyoimbwa, na kuweka pembeni safu ya pili yenye Kiswahili sanifu. Safu hizi mbili zisichanganywe. Ya kwanza ndiyo matini na ya pili ni maelezo. Wanafunzi wa darasa la Likasi watabishana hapa juu ya kilichosikika, na ubishi huo usikatizwe haraka, maana ndio uchambuzi wenyewe umeanza.

Hatua ya tatu ni kutafuta kinachorudiwa: kiitikio, takriri ya mwanzo, jina la mtu linaloitwa, mahali panapotajwa. Kila marudio yaulizwe kama yamerudi vile vile au yamebadilika. Hatua ya nne ndiyo ya maana, nayo ije mwisho. Hata neno moja linaweza kuhitaji subira. Jina "Masanga" ni mfano. Kwa msemaji wa Kilingala masanga ni vinywaji, na kwa msemaji wa Kiswahili sikio hukumbuka kusanganya na kusanganyika. Mwanafunzi asichague kabla ya kuusikiliza wimbo wote na kujiuliza mwimbaji alikuwa akisema na nani, katika mji ambao lugha nyingi zilikutana.

7. Pingamizi

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya njia hii. La kwanza ni kwamba mwalimu ana wajibu wa kufundisha Kiswahili sanifu, na kwamba kuandika "batoto" ubaoni ni kuhalalisha makosa. Pingamizi hili lina uzito. Kijana wa Kamatanda anahitaji Kiswahili kitakachomwezesha kusoma vitabu vya Dodoma na Nairobi. Lakini ndiyo sababu ya safu mbili. Mwanafunzi anayeona "ku nyumba" na "nyumbani" zikikabiliana huijifunza sarufi ya upande wa pili vizuri zaidi kuliko yule anayeambiwa tu kwamba anachosema kwao si lugha. Hakuna mhakiki wa pwani anayezigeuza tungo za Muyaka ziwe Kiunguja kabla ya kuzisifu. Kimvita chake huhesabiwa kuwa sehemu ya sanaa yake, na Kiswahili cha Katanga kinastahili haki hiyo hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba nyimbo za burudani ni nyepesi mno kubeba mzigo wa uchambuzi. Jibu ni kwamba uzito wa utungo haujulikani kabla ya kuuchambua. Mashairi mengi yanayofundishwa leo yalitungwa kwa ajili ya harusi, malumbano na kejeli za mitaani. Darasa ndilo lililoyapa heshima ya kusomwa polepole.

8. Hitimisho

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa tena lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Lakini sheria huweza kuirudisha lugha shuleni kwa kazi ile ile ya zamani, yaani kuwa ngazi ya kupandia na kuachwa. Lugha hupata heshima ya darasa siku matini yake inapoulizwa maswali magumu na ikayajibu.

Mwenda Jean Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Waliozisikia nyimbo zake zilipotoka mara ya kwanza, na wanaoweza kusema neno fulani lilimaanisha nini katika Jadotville ya mwaka 1952, wanazidi kupungua. Sahani zitahifadhi sauti, ila hazitahifadhi jinsi sauti hiyo ilivyoeleweka. Mwanafunzi wa Kamatanda anayekwenda kwa babu yake kuuliza maana ya kifungu kimoja, kisha akarudi kukieleza mbele ya wenzake kwa Kiswahili, anaifanya kazi ambayo haikufanywa wakati ilipokuwa rahisi. Huo ndio mwanzo wa uhakiki wa ushairi wa Katanga, na muda wa kuuanza si mrefu.